Kutyuni mwenyewe kontroli boksi ya Subaru yenye tabo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini maelezo haya yanahusu Subaru?

Kwa sababu Impreza, Forester na Legacy zenye injini ya EJ20 na EJ25 ndizo gari za tabo zinazoonekana zaidi kwenye gereji zetu, na kontroli boksi zake nyingi (kompyuta za injini) zinasomeka na kuandikwa upya kwa programu za bure. Unayojifunza hapa kuhusu hewa, petroli, busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) na taimingi (wakati wa cheche kuwaka) yatakufaa hata kwenye Mitsubishi Evolution. Majina ya majedwali ya namba yaliyomo ndani ya boksi tu ndiyo yatabadilika. Kama una Toyota Probox ya injini ya 1NZ isiyo na tabo, weka laptopu pembeni. Utahangaika wiki nzima upate nguvu chache mno, afadhali hela hiyo ununue matairi mazuri.

Gari langu limetoka Japani moja kwa moja na halijaguswa. Lina haja gani ya kutyuniwa?

Huenda lina haja kuliko lililofungwa vifaa. Subaru za tabo za soko la Japani zilipangiwa petroli ya haioktani ya kule, ambayo ni karibu RON 100 (RON ni kipimo cha oktani, yaani petroli inavyostahimili kugonga). Petroli yetu huwa kati ya 91 na 95, kutegemea nchi na kituo. Taimingi ya kiwandani iko mbele mno kwa petroli hiyo, kwa hiyo sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka yenyewe kabla mwali wa cheche haujaifikia na injini inagonga. Kontroli boksi husikia kugonga kupitia sensa iliyofungwa kwenye bloku na kurudisha taimingi nyuma, lakini husikia baada ya pigo kupita. Kwenye EJ25 za tabo, mapigo hayo ndiyo huvunja kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Baada ya hapo utaona moshi wa oili, kompresheni imeshuka kwenye silinda moja, na fundi anakuambia utafute injini nyingine.

Ndiyo maana faida ya kwanza ya kutyuni huku kwetu ni usalama wa injini. Nguvu hufuata baadaye, ikiwa ipo.

Nawezaje kujua kama kontroli boksi yangu inaandikika kupitia soketi ya dayagnosisi?

Impreza za umbo la GC8, zilizotoka miaka ya 1990 hadi 2000, kwa kawaida haziandikiki kwa waya. Hizo huwekewa bodi ndogo ya nyongeza ndani ya boksi au hubadilishwa boksi zima kwa la kujitegemea kama Link, Haltech, Megasquirt au Speeduino. Kuanzia kizazi cha GD, Forester SG na Legacy BL/BP, nyingi zinaandikika. Njia ya uhakika ni kuunganisha waya na kusoma namba ya utambulisho wa programu iliyomo. Ikiwa programu ya EcuFlash inaitambua na programu ya RomRaider ina maelezo ya majedwali yake, uko salama. Ikiwa haina, usilazimishe maelezo ya gari linalofanana.

Ninahitaji vifaa gani?

Laptopu ya Windows yenye betri nzima. Waya wa Tactrix OpenPort 2.0 wenyewe, maana nakala za bei rahisi hukatika katikati ya kuandika, na hapo ndipo hutaki kitu kikatike. EcuFlash ya kusoma na kuandika, RomRaider ya kuhariri majedwali na kurekodi. Chaja ya betri ya gari inayoweza kushikilia volti 13 wakati swichi ya gari imewashwa bila injini kunguruma.

Kisha waidibendi, yaani sensa ya oksijeni inayopima mchanganyiko kwa upana wake wote. Nyingi zinatumia Bosch LSU 4.9. Sensa ya mbele ya gari lenyewe haikufai kupima ukikanyaga mpaka mwisho. Chomelea kiti cha waidibendi kwenye bomba baada ya tabo, sentimita 60 hadi 90 kutoka kwenye tabo, kabla ya katalisti (kisafisha moshi), ikiwa imeinama angalau digrii 10 juu ya mlalo ili maji yasikae ndani. Usiifunge kisha ukaacha kuipa umeme: sensa baridi ndani ya moshi hufa haraka. Na bomba likivuja kati ya injini na sensa hiyo, itavuta hewa ya nje na kukudanganya kuwa petroli ni kidogo.

Kifaa cha mwisho unaweza kukitengeneza mwenyewe. Chukua kipande cha bomba la shaba la milimita 6 au 8, ponda ncha moja, itoboe, uifunge kwa bolti kwenye bloku karibu na sensa ya kugonga. Ncha ya pili iunge na mpira wa mita tatu hadi kwenye vizibo vya masikio. Injini ikigonga utasikia kama kokoto linatupwa juu ya bati. Masikio hayo yatakusaidia kutofautisha kugonga kwa kweli na kelele za bushi zilizochoka.

Nikague nini kabla ya kufungua laptopu?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tyuni haiponyi gari bovu, inaficha tu ugonjwa.

Pima kompresheni ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10. Ukiwa Nairobi, usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu: presha ya anga kule ni karibu kilopaskali 82 dhidi ya 101 za pwani, na kipimo hushuka kwa uwiano huo.

Jaza hewa ya kompresa kwenye mdomo wa tabo, bari 1 hivi, usikilize mivujo. Mpira wa intakula (kipoza hewa ya tabo) na klipu zake ndio washukiwa wa kwanza. Hewa ikitoka baada ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) kuihesabu, kontroli boksi hutoa petroli ya hewa ambayo haikufika, na mchanganyiko unakuwa mzito.

Presha ya petroli iwe karibu bari 3 mpira wa vakyumu wa regyuleta ukiwa umechomolewa, na ipande sambamba na busti: busti ya bari 0.8 itoe bari 3.8. Isipofika hapo, angalia filta ya petroli, kisha pampu. Pampu za Walbro 255 za bandia zimejaa madukani.

Plagi: NGK namba 6 ndiyo ya kawaida kwa EJ20 yenye tabo. Ukipandisha busti nenda namba 7, ambayo ni baridi zaidi, na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.75. Mwanya mkubwa ukikutana na busti, cheche inazimwa na gari linamisi.

Kusoma na kuandika kunafanyikaje?

Funga chaja. Zima redio, feni na taa. Kwenye gari nyingi za kabla ya 2007 kuna plagi mbili za kijani (viunganishi vya nyaya) chini ya dashibodi upande wa dereva, ziunganishe. Ukiwasha swichi, pampu ya petroli na feni za rejeta zitaanza kuwaka na kuzima zenyewe, usiogope. Gari za zamani zaidi katika kundi hili huhitaji pia kiunganishi cha kuanzishia.

Soma kwanza. Hifadhi faili la asili sehemu tatu: laptopu, flashi na barua pepe yako. Usilihariri kamwe, fanya kazi kwenye nakala, na kila nakala uipe tarehe na maelezo ya ulichobadilisha.

Kuandika kukikatika katikati, usizime swichi. Acha kila kitu kama kilivyo, angalia waya na volti, uanze tena. Mara nyingi sehemu ya kuanzishia ndani ya boksi huwa bado hai. Wanaozima swichi kwa hofu ndio huishia kung'oa boksi na kulipeleka mezani kwa fundi wa elektroniki. Ukimaliza, tenganisha plagi za kijani.

Mpangilio wa kazi ni upi?

Hewa, petroli, busti, taimingi. Usigeuze. Ukisogeza taimingi wakati hesabu ya hewa ni ya uongo, kila kitu unachojifunza ni cha uongo vilevile, kwa sababu kontroli boksi hukokotoa mzigo kwa gramu za hewa kwa kila mzunguko, na mzigo huo ndio unaochagua kisanduku cha jedwali. Na badilisha kitu kimoja kwa kila faili.

Nirekodi vipimo gani?

RPM, mzigo, volti za MAF na gramu zake kwa sekunde, A/F Correction #1 (sahihisho la petroli la papo hapo), A/F Learning #1 (sahihisho la petroli ambalo boksi limejifunza), taimingi, Feedback Knock Correction (taimingi inayorudishwa papo hapo injini ikigonga), Fine Learning Knock Correction (ile ambayo boksi limeikariri), IAM (kipimo cha jinsi boksi linavyoiamini petroli), presha ya manifoldi, asilimia ya kazi ya soleno ya westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabo), muda wa kufunguka kwa nozeli za petroli, joto la hewa, joto la maji, kiwango cha pedali na waidibendi. Kwenye boksi za zamani ukichagua vyote kwa pamoja, kasi ya kurekodi inashuka sana na pigo la kugonga linapita katikati ya mistari miwili. Rekodi kwa makundi: leo petroli, kesho kugonga.

Nimebadilisha bomba la hewa na filta. Nasahihisha vipi MAF?

Sensa ya MAF hupima hewa kwenye kipenyo fulani. Ukibadilisha kipenyo, volti zilezile zinamaanisha hewa nyingine. Endesha kwa mwendo tulivu, injini ikiwa ya moto, kwa nusu saa au zaidi, kisha jumlisha Correction na Learning kwa kila kiwango cha volti. Jumla ikiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, achana nayo. Ikiwa kwenye volti 1.8 unaona +8, ongeza gramu za kisanduku hicho kwa asilimia 8, kisha lainisha mstari na visanduku jirani. Mstari wenye matuta huleta gari la kushtukashtuka.

Kwa upande wa juu tumia waidibendi. Ulitaka sehemu 11.2 za hewa kwa moja ya petroli, umepata 11.8: gawanya 11.8 kwa 11.2, jibu ni 1.05, basi hewa hapo iongezwe asilimia 5. Kuna mtego. Kontroli boksi hugawa kujifunza kwake katika ngazi nne, na ngazi ya juu, gramu 40 kwa sekunde na zaidi, hubebwa hadi kwenye kukanyaga mpaka mwisho. Ikiwa ngazi hiyo imejifunza -7, petroli yako itapunguzwa asilimia 7 ukiwa kwenye busti. Kwa hiyo hakikisha iko karibu na sifuri kabla ya kuamini namba za juu.

Na nozeli kubwa?

Kuna mambo mawili ya kuingiza: mtiririko wake, na muda wake wa kuchelewa kufunguka kwa kila volti ya betri. Nunua nozeli zenye jedwali la kuchelewa kutoka kwa mtengenezaji. Zisizo nalo ni kubahatisha. Kosa likiwa asilimia ileile kila mahali, rekebisha mtiririko. Likiwa kubwa injini ikinguruma taratibu na kupungua unapoongeza mzigo, rekebisha kuchelewa. Likiruka kwenye volti fulani za MAF tu, rudi kwenye MAF.

Kujua kama nozeli zinatosha: zidisha muda wa kufunguka kwa milisekunde mara RPM, gawanya kwa 1200. Milisekunde 15 kwenye RPM 6500 ni asilimia 81. Ukipita 85, punguza busti au nunua kubwa zaidi.

Mchanganyiko uwe kiasi gani?

Mwendo tulivu 14.7. Ukikanyaga mpaka mwisho na tabo, kwa petroli yetu, anza na 11.0 na usipite 11.5 mpaka uwe na sababu. Injini isiyo na tabo yaweza kwenda 12.5 hadi 13.

Angalia pia jedwali la ucheleweshaji wa kutoka kwenye hali ya kujisahihisha. Boksi nyingi za Subaru hubaki kwenye 14.7 kwa muda hata busti ikishaanza kupanda, ili kupunguza uchafu wa moshi. Kwa petroli dhaifu, sekunde hizo ni mbaya sana. Punguza ucheleweshaji huo hadi sifuri, uone kama waidibendi inashuka mara busti inapoingia.

Nipandishe busti kiasi gani kwa tabo ya TD04?

Kiwandani ni karibu bari 0.8 hadi 0.9. TD04 ni ndogo, na juu ya RPM 5500 hivi inapumua kwa shida. Ukiilazimisha inapiga hewa ya moto tu, kwa hiyo acha busti ishuke taratibu kuelekea ukomo wa RPM. Ukishafungua bomba la moshi na kutoa katalisti, tarajia kinyume chake: busti inapanda yenyewe kupita lengo kwa sababu westigeti ni ndogo na moshi unapita kirahisi. Hakuna jedwali litakalorekebisha hilo. Tundu la westigeti lenyewe ndilo hutanuliwa.

Weka kiwango cha kukata petroli juu kidogo ya lengo lako, bari 0.15 hivi. Kuna wanaokipandisha hadi mwisho ili gari lisikatike. Hao wameondoa fyuzi na kuweka msumari.

Taimingi naigusaje?

Kama faili ni la petroli ya Japani, anza kwa kutoa digrii 3 hadi 4 kwenye visanduku vya mzigo mkubwa, kisha rekodi. Taimingi ya mwisho ni ya msingi, jumlisha ya ziada iliyozidishwa kwa IAM, ukiondoa marekebisho ya kugonga. IAM ikiwa 1 (au 16 kwenye boksi za zamani), injini inaiamini petroli. EJ nyingi huanza na nusu baada ya kuandikwa upya, kwa hiyo usihukumu faili kabla haijapanda.

IAM ikishuka, acha kukanyaga. Tafuta sababu kabla ya kukanyaga tena. Feedback ikionyesha -1.4 mara moja unapobadili gia au kukanyaga ghafla, mara nyingi ni kelele. Ikijirudia kwenye RPM ileile na mzigo uleule, ni kweli. Toa digrii moja zaidi ya iliyotolewa na boksi lenyewe. Unapoongeza, ongeza nusu digrii, na ikiwa nguvu kwenye dino (mashine ya kupima nguvu za gari) haipandi, rudisha ulichoongeza.

Kumbuka sensa ya joto la hewa ya EJ iko ndani ya MAF, kabla ya tabo. Haioni hewa inayotoka kwenye intakula. Intakula ya juu ikishapikwa na foleni ya Mombasa Road, injini itagonga huku logi (rekodi ya vipimo) ikionyesha joto lilelile la mwanzo. Pumzisha gari likitembea kati ya jaribio na jaribio.

Naweza kujaribu barabarani?

Gia ya tatu hadi karibu na ukomo inakupeleka juu ya kilomita 110 kwa saa, na huwezi kutazama barabara na laptopu pamoja. Kodi dino, au tumia uwanja uliofungwa kama Whistling Morans pale Athi River siku inaporuhusiwa, na mtu mwingine ashike laptopu. Kazi ya MAF kwenye mwendo tulivu ndiyo pekee inayofaa barabara ya kawaida.

Kiongeza oktani kinasaidia?

Soma chupa vizuri. "Pointi" 10 ni RON 1, basi chupa ya pointi 30 inageuza 93 kuwa 96 kwa matarajio mazuri kabisa. Vingi pia huacha masizi mekundu kwenye plagi. Usitegemee faili ambalo liko salama siku za chupa tu.

Vipi vali ya kupiga "psss" na ekzosi ya kupiga risasi?

Hewa inayotolewa nje tayari imehesabiwa na MAF. Kila ukibadili gia, petroli yake inabaki bila hewa, mchanganyiko unazama, plagi zinachafuka. Rudisha vali inayorejesha hewa ndani. Risasi ni petroli inayowakia kwenye bomba kwa taimingi iliyocheleweshwa makusudi. Bili yake hulipwa na tabo na vali za moshi.

Naweza kupakua faili la mtu mwenye gari kama langu?

Unaweza kulisoma ili kujifunza. Kuliandika, hapana. Namba ya utambulisho ikitofautiana, boksi linaweza kufa. Ikilingana, bado MAF, nozeli, petroli na mwinuko si vyako.

Nilityuni Nairobi. Nikishuka Mombasa?

Hili husahaulika mno. Nairobi iko karibu mita 1,800. Pwani hewa ni nzito kwa karibu asilimia 20. Mzigo utapanda na kuingia visanduku ambavyo gari halikuwahi kuvigusa, na hewa ya pwani ni ya joto. Kwa hiyo visanduku vya juu kabisa vya taimingi vijaze kwa tahadhari hata kama huvifikii, na shuka na laptopu ukachukue logi kule kabla ya kukanyaga.

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ana shida ya upande wa pili. Kufikisha presha kamili (ya anga pamoja na busti) ya bari 2.0 kwenye manifoldi pwani, tabo hubana hewa karibu mara 2. Kwenye mwinuko wa Nairobi lazima ibane karibu mara 2.4, ikizunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Tumia jedwali la fidia ya presha ya anga kushusha lengo la busti unapopanda.

Nikitaka kuuza gari?

Kama vifaa vimerudishwa vya kiwandani, rudisha na faili la asili, ila mwambie mnunuzi kuwa faili hilo lilipangiwa petroli ya RON 100. Kama vifaa vimebaki, mpe faili lako la mwisho pamoja na la asili kwenye flashi, na karatasi yenye ukubwa wa nozeli, aina ya plagi, petroli iliyotumika na busti uliyopanga. Bima nayo ijulishwe mabadiliko kabla, si baada ya ajali.